Msomaji naye ameshika mizani, asipunje

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeijaalia kalamu kuwa chombo cha elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaomfuata kwa wema hadi siku ya malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, leo sikukusudia kuzungumza juu ya maovu yanayojulikana na kila mtu, kama vile ulevi, riba au kamari. Nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa dhahiri yake ni kheri tupu, nalo ni kusoma vitabu na kuwaeleza wenzetu yaliyomo. Shetani hana haja ya kumwita mtu wa kheri aende kilabuni. Humtosha kuingia katika kheri yake hiyo hiyo akaitoboa kwa chini, kama panya anavyotoboa gunia: mchele unamwagika usiku kucha, na asubuhi mwenye gunia analiona bado limesimama.

Nianze na nafsi yangu, maana si haki kuwatwisha watu hesabu ambayo sijaibeba mwenyewe. Tangu niliporejea kutoka chuo kikuu, zaidi ya miaka ishirini sasa, nina mazoea ya kusoma baada ya sala ya Isha. Kila kitabu ninachokipitia hukiandikia ukurasa mmoja au miwili: kinahusu nini, kina uzuri gani, kina kasoro gani, na kinamfaa nani. Mwanzoni nilijiandikia mwenyewe daftarini. Kisha wenzangu wa darsa wakaomba nakala, nao wakawapa wengine. Wakaja wazazi, baba huyu akiuliza, "Sheikh, kitabu hiki mwanangu akisome?", na mama yule akiuliza, "Maalim, pesa yangu ni ya kitabu kimoja tu, nichukue kipi?" Hakuna anayenilipa, na sikuwahi kutaka malipo. Ni burudani yangu, kama mwingine anavyopenda bao au kufuga njiwa.

Na hapo ndipo panya alipoingilia. Mtu akishajiambia kuwa jambo ni burudani tu, hudhani kwamba halina hesabu. Lakini Qur'ani, katika Suratul Israi aya ya 36, inatukataza kuyafuata tusiyokuwa na ujuzi nayo, na inatueleza kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Wala haikutoa ruhusa kwa macho ya mtu aliyekuwa anaburudika.

Siku moja mwanangu wa kike, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alinikuta nimeketi barazani na nakala za maoni yangu mkononi. Miezi michache kabla ya hapo niliandika juu ya riwaya ya kijana mmoja wa mtaa wa pili. Ilikuwa riwaya ya kurasa 180, kazi yake ya kwanza, iliyochapishwa kwa akiba yake mwenyewe. Niliandika kuwa inawafundisha watoto kuwadharau walimu wao, kwa sababu inaanza na mvulana anayetoroka madrasa. Niliandika kwa ukali na watu walinisifu kwa ukali huo. Mzazi mmoja aliirudisha nakala yake dukani.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, ulifika mlango wa mwisho?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimefika mlango wa mwisho wala nusu yake, bali niliishia ukurasa wa 40. Yeye alikwisha kuimaliza kwa kuazima kwa rafiki yake. Akanieleza kwa adabu, huku akitazama chini, kuwa katika mlango wa mwisho yule mvulana anarudi akiwa mtu mzima, anakuta mwalimu wake amekwisha kufariki, naye anashika ufagio na kulifagia lile darasa alilolikimbia. Usiku ule niliisoma riwaya yote, na kabla ya sala ya Alfajiri nilikuwa nimejua kwamba nilimdhulumu mtu. Ni kweli kuwa lugha yake ina makosa, na milango miwili ya katikati imerefushwa bila haja. Lakini lile nililolitangaza kwa watu halikuwamo.

Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha, akaniletea kahawa, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Sheikh, ungesema kitabu changu kibaya ningevumilia, kwani ndiyo kwanza najifunza. Kilichoniuma ni kujua kwamba hukukisoma."

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima inayoanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin. Sifa yao ni kuwa wanapojipimia kwa watu hutaka kijazwe, na wanapowapimia watu hupunguza. Sisi tukiisoma aya hiyo humkumbuka muuza sukari na muuza vitambaa, tukamhurumia kwa hatari iliyomkabili. Mimi nilijiona nimo. Ninapoandika makala yangu nataka msomaji aisome yote, asikate sentensi yangu katikati, wala asinihukumu kwa aya moja. Huko ni kujipimia kwa kujaza. Kazi ya mwenzangu, iliyomchukua miaka mitatu, niliipimia kwa kurasa 40.

Basi mwishoni mwa Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, nilifungua daftari langu la mwaka nikaifanyia nafsi yangu hesabu. Jambo hili lina asili katika dini yetu. Suratul Hashr, aya ya 18, inaiamrisha kila nafsi itazame ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho yake. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) amepokewa akiwahimiza watu wajihesabu katika dunia kabla ya hesabu ya Akhera. Yuko mwanachuoni wa Baghdad, Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 243 Hijria, sawa na mwaka 857 Miladia, ambaye hata lakabu yake inatokana na wingi wa kujihesabu. Na Imam Ghazali katika Ihyaa ameufananisha mwenendo huu na mfanyabiashara anayekaa na mshirika wake kutazama rasilimali, faida na hasara. Mimi nikaketi na nafsi yangu kama mshirika niliyeanza kumshuku.

HESABU YA KWANZA: UKWELI

Katika mwaka ule niliviandikia vitabu 34. Niliulizana na nafsi yangu juu ya kila kimoja: tulikisoma? Vilivyosomwa mwanzo hadi mwisho vilikuwa 19. Vilivyoachwa kati vilikuwa 9. Na 6 nilisoma dibaji, orodha ya yaliyomo na maneno ya nyuma ya jalada, nikayageuza kwa lugha yangu. Katika yote 34, hakuna hata mahali pamoja nilipomwambia msomaji kuwa niliishia njiani.

Mtume (S.A.W), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amemfananisha mwenye kujionyesha kuwa ameshiba kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Naam, shibe ya uongo ina namna nyingi. Mtu anaweza kujionyesha ameshiba wali, naye ana njaa, na anaweza kujionyesha ameshiba kitabu, naye ameonja jalada.

Wahenga wetu katika fani hii walikuwa waangalifu kuliko sisi. Ibn al-Nadim, aliyekuwa muuza vitabu Baghdad na aliyeandika Fihrist yake mwaka 377 Hijria (987 Miladia), alikusanya habari za vitabu vingi mno, na mara nyingi alibainisha kipi alikiona kwa macho yake na kipi alikipata kwa kauli ya mtu mwingine. Hata alipotaja ukubwa wa diwani za washairi kwa idadi ya karatasi, alieleza kwanza ni karatasi ya namna gani na ina mistari mingapi, ili msomaji asidanganyike. Huyo ni mtu aliyejua kwamba ameshika mizani ya watu.

Hapa ataniuliza muulizaji: je, ni lazima mtu akimalize kitabu kibovu? Jibu ni kuwa si lazima. Umri ni mfupi, na kukiacha kitabu si dhambi. Dhambi ni kukiacha ukurasa wa 40 kisha ukahukumu ukurasa wa 180. Ukiacha njiani sema umeacha njiani, nawe utakuwa umesalimika.

Mwingine atauliza: basi si bora kunyamaza kabisa, maana kutaja aibu za watu ni kusengenya? Hapana. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake huruhusiwa, na mojawapo ni kuwatahadharisha Waislamu na kuwapa nasaha. Wanachuoni wa hadithi waliwapima wapokezi kwa maelfu. Imam Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 Hijria (1348 Miladia), kitabu chake katika fani hiyo alikipa jina lenye neno mizani. Lakini huyo huyo Dhahabi ametahadharisha kuwa maneno ya watu wa zama moja, mmoja juu ya mwenzake, hayachukuliwi hivi hivi, hasa ikidhihiri kuwa yametoka katika uhasama au husuda. Kwa hiyo kupima kunaruhusiwa, na huenda kukawa wajibu. Kinachokatazwa ni kupima kwa jiwe lililochongwa.

HESABU YA PILI: ZAWADI

Katika vile vitabu 34, vitabu 11 nilipewa bure na waandishi wenyewe au na wenye maduka. Vingine 23 nilivinunua au kuviazima. Nikatazama nilivyosema. Katika vile 11 vya bure nilivisifu 10. Katika vile 23 nilivisifu 12. Nafsi yangu ikaanza kujitetea: labda watu wa mtaani kwetu wanaotoa zawadi ni waandishi hodari. Nikaiambia inyamaze.

Tunamkumbuka yule mtu wa kabila la Azd, Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W) kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (S.A.W) alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu kama huyo asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi itamfuata. Habari hii imo katika Bukhari na Muslim. Nami nikajiuliza: lau nisingekuwa na kawaida ya kuandika juu ya vitabu, ni nani angebisha hodi kwangu na kitabu kipya kilichofungwa kwa karatasi?

Sisemi kuwa zawadi ni haramu; Waislamu tunahimizwa kupeana zawadi ili tupendane. Nasema kuwa mzazi mwenye pesa ya kitabu kimoja ana haki ya kujua kwamba Sheikh anayekisifu hakukitolea hata senti.

HESABU YA TATU: NIA

Hii haina tarakimu, na ndiyo nzito zaidi. Nilijiuliza ni vitabu gani nilivichagua kwa kuvihitaji, na ni vipi nilivichagua ili ijulikane kuwa nimevisoma. Nikakuta vitabu vinene vya Kiarabu na vya Kiingereza ambavyo naviweka rafu ya mbele, pale mgeni akiketi avione. Nikakuta nimetaja majina ya wanachuoni kumi katika ukurasa ambao mmoja angetosha. Ndugu zangu, katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyejifunza elimu na kusoma Qur'ani ili aitwe mwanachuoni na msomaji. Akaitwa, na hilo likawa ndilo fungu lake. Tumuombe Allah atunusuru. Mwenye kusoma ili asifiwe hulipwa papo hapo barazani, na kesho hana anachodai.

HESABU YA NNE: LUGHA YA NYUMBANI

Wale wanaonisoma ni Waswahili, nami huwahimiza wawasomeshe watoto kwa lugha wanayoielewa. Lakini katika vitabu 34, vya Kiswahili vilikuwa 5 tu. Mfano mmoja uliniaibisha. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ile iitwayo Paradise ya mwaka 1994, niliisoma kwa Kiingereza na kuiandikia kurasa mbili. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, imetoka tangu mwaka 2022, nami sikuigusa, ingawa ndiyo ambayo jirani yangu angeweza kuisoma. Tukumbuke juhudi za waliotutangulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932 ili awasemeshe watu kwa lugha yao pamoja na Kiarabu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alitumia miaka mingi ya umri wake katika tafsiri ya Qurani Takatifu, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969. Wanachuoni hao Kiarabu kilikuwa kinywani mwao kama maji, wala hawakuona haya kukiinamia Kiswahili.

HESABU YA TANO: WAKATI

Mke wangu hakuwahi kulalamika, na hilo lilinighuri. Nilipomuuliza mwenyewe, akacheka kidogo akasema, "Wewe baada ya Isha umo ndani ya kitabu. Tumekwisha kuzoea kuzungumza bila wewe." Neno "tumezoea" lilinichoma kuliko lawama. Salman al-Farisi (R.A) alimwambia ndugu yake Abu Dardai, aliyekuwa akizidisha ibada, kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haina ruhusa ya kula haki ya mke na watoto, itakuwaje burudani ya mtu na rafu yake ya vitabu?

Baada ya hesabu hutakiwa marekebisho. Imam Ghazali amezipanga hatua sita: kuishurutisha nafsi kabla ya kazi, kuichunga wakati wa kazi, kuihesabu baada ya kazi, kuiadhibu ikivunja sharti, kuipiga jihadi, na kuilaumu. Nami nimeiwekea nafsi yangu masharti haya. Kila maoni ninayoyaandika yatamalizika kwa mstari unaosema nilisoma mpaka ukurasa wa ngapi. Kitabu cha zawadi nitakitaja kuwa ni cha zawadi. Nikikasirishwa na kitabu sitakiandikia mpaka zipite siku tatu. Katika kila vitabu viwili nitakavyoviandikia, kimoja kitakuwa cha Kiswahili. Saa ya kwanza baada ya Isha ni ya watu wa nyumbani. Na nikimkosea mwandishi, masahihisho yangu yatawafikia watu wale wale waliofikiwa na kosa. Riwaya ya yule kijana nimekwisha kuiandikia upya, kwa uzuri wake na kwa kasoro zake, na nakala nimempelekea mzazi aliyeirudisha dukani. Adhabu ya kuvunja sharti lolote ni kununua kitabu kimoja kwa ajili ya madrasa. Mpaka sasa madrasa imepata vitabu vinne, nami nimeijua nafsi yangu.

Enyi wazazi, huenda mkasema kuwa haya ni ya Sheikh na daftari lake, na nyinyi hayawahusu. Yanawahusu. Kila mmoja wetu leo anapeleka habari kwa mwenzake na kutoa hukumu juu ya kitabu, mawaidha au mtu, wakati mwingine kabla hajafika nusu. Mtume (S.A.W) ametufundisha, katika hadithi ya Muslim, kuwa yamtosha mtu kuwa na dhambi ya uongo kule kusimulia kila alisikialo. Basi mtoto akija kukueleza kuwa kitabu fulani ni kizuri au kibaya, usimkaripie, wala usimsifu. Muulize swali aliloniuliza mimi binti yangu: ulifika mlango wa mwisho? Muulize hivyo kwa upole mpaka liwe tabia. Na siku atakayokuuliza wewe, usikasirike ukamwambia hana adabu. Mtoto anayekusaidia kuihesabu nafsi yako kabla ya siku ya hesabu amekufanyia wema mkubwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W) atujaalie tuwe wasomaji wa kweli, wenye kupima kwa uadilifu, wenye kukiri makosa yetu tukiwa bado tuna pumzi ya kuyarekebisha. Na awasamehe wale tuliowapunja, na atusamehe sisi tuliopunja. Amin.

Wabillahi tawfiq.